Anayeogopa ni Mimi

Katika nyumba tuliyozaliwa, nje kidogo ya Ahero, kila mtu aligawiwa fungu lake la woga au la ushujaa mapema, kabla sisi watoto hatujajua kusoma. Mama alikuwa shujaa. Baba alikuwa mwoga. Ndugu yangu mdogo alikuwa kichwa maji asiye na habari na hatari. Mimi nilikuwa wa Baba.

"Huyu ni wa baba yake," shangazi zangu walikuwa wakisema kila nilipojificha nyuma ya sketi ya mtu kwa sababu ng'ombe amepiga chafya. Walicheka, Mama akacheka, na Baba mwenyewe akacheka kuliko wote. Mimi sikuona cha kuchekesha. Tumbo lilikuwa likiniuma kweli.

Ushahidi ulikuwepo, na ulisimuliwa kila wageni walipokuja. Siku moja nyoka aliingia jikoni akajikunja kati ya mafiga na ukuta, Mama akiwa amesimama papo hapo na mwiko mkononi. Mama hakupiga kelele, hakurudi nyuma, hata ukope haukutikisika. Baba ndiye aliyepiga mayowe mpaka majirani wakaja. Alimkamata Mama mkono akamvuta nje, kisha akasimama uani akitetemeka mbele ya watu na kusema moyo wake nusura usimame. Nyoka akauawa na wengine. Tangu hapo ikawa hadithi ya nyumba yetu kwamba Mama alimkazia nyoka macho mpaka nyoka akaona haya, na kwamba mume wake aliharibu mambo kwa kelele zake.

Hadithi nyingine ilikuwa ya maji. Kwetu mvua ya kuogopa si ile inayokunyeshea wewe. Inanyesha juu, milimani, nyuma ya Muhoroni, nanyi huku chini kwenye uwanda wa Kano mnaanika nguo juani, kumbe mto unakuja. Baba alikuwa na desturi ya kwenda kuutazama mto kila asubuhi wakati wa masika. Akiona asichokipenda, alirudi akasimama mlangoni na kumwita Mama kwa jina la kwao alikozaliwa, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao. "Nyar Nyakach," alisema, "mimi naogopa. Nishikie kuku, twende." Basi tunaondoka, siku mbili tatu kabla ya watu wengine, kwenda shule ya msingi iliyo mahali palipoinuka. Kuna miaka maji hayakufika kabisa na tulirudi nyumbani tukizomewa njia nzima. Mama alitembea mbele na kuku wake wamefungwa miguu, na kila aliyemuuliza anakwenda wapi alimjibu, "Namsindikiza mwoga wangu."

Nilipokua nikaenda kusomea ualimu, na kwa kuwa Mungu naye ana mzaha wake, nikaangukia baiolojia. Leo nafundisha katika shule moja ya upili mjini Kisumu. Kila mwaka inafika ile wiki ninaposimama mbele ya darasa kueleza woga. Naeleza kwamba ndani ya ubongo kuna kifundo kidogo kama punje ya njugu, kinaitwa amigdala, na kazi yake ni kupiga mbiu ya hatari. Mbiu ikilia, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hukimbia, mdomo hukauka, tumbo husahau chakula. Baada ya hapo kiumbe hupigana, au hukimbia, au huganda. Wanafunzi huyapenda hayo mawili ya kwanza na huyatolea mifano mpaka kengele. Hilo la tatu nilikuwa nalipitia mbio, na mfano mmoja tu wa sungura aliyeonwa na mbwa, kisha nafuta ubao.

Sikuwaambia kwamba mwalimu wao hutetemeka simu ikilia kabla ya saa moja asubuhi. Sikuwaambia kwamba nikiwa nasahihisha mitihani nakwenda mara kwa mara kuangalia kama gesi imefungwa, hata siku ambayo haikuwashwa. Mwaka mmoja mapigo ya moyo yalinizidi hata nikaenda kwa daktari. Alinibandika nyaya kifuani, akaisoma karatasi iliyotoka kwenye mashine, akaniambia moyo wangu ni mzima pengine kuliko wake. Akaniuliza kama nimewahi kusikia ving'ora vya magari. Kuna vinavyolia mwizi akivunja kioo, na kuna vinavyolia lori likipita tu barabarani. Gari lenyewe halina kasoro, akasema, ila king'ora chako kimewekwa kwa lori.

Nilimuuliza nani aliyekiweka hivyo. Alisema hofu nyingine umezaliwa nayo na nyingine umefundishwa na uliyoyaona, na kwamba hajakutana na daktari anayejua kuchora mpaka kati ya hizo mbili. Nikatoka pale na jibu nililokuwa nalo tangu utotoni. Nilikuwa wa Baba.

Baba alifariki kwa maradhi, kitandani kwake, si kwa lolote kati ya yale yote aliyokuwa akiyaogopa. Tulimzika kando ya nyumba, Mama akabaki na boma. Masika mawili yaliyofuata yalikuwa hafifu, mto ukakaa mahali pake. Hata hivyo nilipiga simu kila jioni. Nikiuliza habari za maji, Mama alinijibu kwamba maji yako mtoni, yaje kwake kutafuta nini. Majirani walinipa pole kwa kufiwa na baba na kunipongeza kwa kuwa na mama jasiri namna ile, anayelala peke yake karibu na mto bila wasiwasi. Wasiwasi wote nilikuwa nao mimi, Kisumu, nikiwa ghorofa ya pili.

Masika ya tatu yakaja kwa hasira. Ile shule ya msingi tuliyokuwa tukikimbilia na Baba ilizungukwa na maji ya mto mwingine wiki nzima kabla ya siku ninayoisimulia, na waliokuwa wamehamia huko wakahamishwa tena. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa sijamaliza chai ndugu yangu alipopiga. Yeye huendesha trekta la miwa huko Muhoroni, na mto wetu hupita kwao kabla ya kufika kwetu.

"Siz, mto imekuja," akasema. "Rangi ni kama chai ya maziwa, na inabeba miti mzima mzima. Mchana itakuwa imefika kwa Mama."

Nilisikia anacheka. Huyo ndiye ndugu yangu. Adrenalini ileile inayonipeleka mimi chooni, yeye humfanya aimbe. Tumetoka tumbo moja, tumekula ugali wa sufuria moja, lakini akiona hatari macho yake hung'aa kama mtu aliyeahidiwa nyama. Alisema amempigia mwenye trekta, ameruhusiwa kulichukua pamoja na trela, na tukutane nyumbani. Mimi nilikuwa tayari nimeshavaa kiatu kimoja.

Ahero kulikuwa na jua zuri na anga la buluu, na hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Nguo za Mama zilikuwa kwenye kamba. Nilimkuta ndani, kwenye kiti chake kinachotazama mlango, amepakata uteo wa mchele, ule mchele wa hapo kwetu, anachagua mawe. Tukasalimiana vizuri, hakuruka hata mtu mmoja: watoto, baba yao, watu wa Kombewa kwa wakwe zangu, mifugo ya Kombewa. Nilijibu yote huku miguu ikiniwasha. Ndipo nikamwambia mto unakuja kutoka juu na kwamba nimekuja kumchukua, twende kwangu Kisumu.

Mama hakuinua kichwa. "Nyathina," akasema, maana yake mwanangu, "mimi nilale kwa mkwe wangu? Unataka nivunje kwer?"

Kwer ni mwiko, na huo si mwiko mdogo. Kwetu mama hulitembelea boma alikoolewa binti yake, hukaribishwa, hula, na kabla ya giza kuingia huaga. Usiku haruhusiwi kulala hapo. Akilala, balaa halimpati yeye, huwaangukia wajukuu. Watu wa mjini husema hayo ni ya zamani, lakini sijaona hata mmoja wao aliye tayari kuwa wa kwanza kujaribu kwa watoto wake. Mimi mwenye digrii ya sayansi niliwafikiria watoto wangu wawili, na king'ora changu, ambacho tayari kilikuwa kinalia kwa ajili ya mto, kikaanza kulia pia kwa ajili ya mwiko. Kwa ndugu yangu nako hakukufaa. Ana chumba kimoja na mke wake, na mama halali chumbani kwa mwanawe.

Ndugu yangu alipofika na trekta, tulifanya kosa ambalo sidhani watu wa mahali pengine wangelifanya. Tulikaa kikao. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, alikuwa boma la pili akifunga mizigo yake, tukamwita. Viti vya plastiki vikatolewa uani, karibu na kaburi la Baba ili naye asikie, na tukaanza kuijadili nyumba yangu ya Kisumu kama mahakama. Je, nyumba ya kupanga ni boma? Baba mdogo alisema boma la mume wangu liko Kombewa, huko Mama hawezi kulala hata kwa mtutu wa bunduki, lakini ya Kisumu ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba si mkwe wa mtu yeyote hapa. Hilo likatufurahisha. Lakini hakutaka kubeba uamuzi peke yake, akampigia mzee mmoja wa ukoo. Mzee akataka kujua mkwe atalala wapi. Nikampigia mume wangu, naye hakungoja nimalize. Alisema anafunga begi sasa hivi, anakwenda Kombewa, atakaa huko hata mwezi. Ni mtu asiyeogopa mengi, lakini kulala chini ya bati moja na mama mkwe wake ni jambo lingine. Mzee akataka kujua habari ya kitanda. Tukakubaliana: godoro, sebuleni, chini.

Nilikuwa nainuka kila baada ya sentensi kwenda kutazama mfereji ulio nje ya ua. Mara ya kwanza ulikuwa na tope tu. Baadaye nikaona uzi wa maji ya rangi ya chai ukitambaa katikati. Niliporudi tena majani ya pembeni yalikuwa yamelala upande mmoja, na maji hayakuwa uzi tena. Kila mara nilirudi nikasema maji yanakuja, na kila mara nikaambiwa tunamaliza, tulia. Nilijiona mtoto tena, wa baba yake. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikakishika kwa mikono miwili.

Hukumu ilipopatikana, ndugu yangu aliipeleka ndani kama zawadi. Mama, mwiko hakuna, wazee wamekubali. Mama akasema ni vizuri, lakini kuku. Tukawakamata kuku tukawafunga. Akasema ni vizuri, lakini nguo hazijakauka. Nikazianua mbichi. Akasema ni vizuri, lakini mzee wake aliyelala hapo nje atamwachia nani. Baba mdogo alitoka nje akitikisa kichwa, akasema shemeji yake ni jiwe, hajui woga tangu alipoolewa, na kwamba ushujaa wa namna hii utamuua.

Maji yakaingia uani. Hayakuingia kwa kishindo. Yalipita chini ya ua, yakazunguka kaburi, yakafika kwenye vigingi vya kamba ya nguo, yote taratibu. Ndugu yangu hakuwa anacheka tena. Alisema atambeba Mama mgongoni apende asipende, na akaanza kukunja suruali. Nikaona akilini jinsi Mama atakavyotolewa nyumbani kwake kama gunia, akipiga mateke mbele ya kaburi la mumewe, nikajua hata akipona hatatusamehe. Nikamwomba anipe nafasi kidogo, nikaingia mimi.

Mama alikuwa bado na uteo mapajani. Vidole vyake vinaokota, vinasogeza, vinaokota, vinasogeza. Nilimkaribia ili nimwambie sijui nini, na macho yangu yakaanguka kwenye ule mchele. Haukuwa na jiwe hata moja. Ulikuwa mweupe, safi, uliochaguliwa ukachaguliwa tena. Alikuwa anaokota punje nzuri upande huu anazipeleka upande wa pili, na zikiisha anazirudisha. Nikatazama jikoni: chai ya asubuhi ilikuwa sufuriani, imeganda utando, haijaguswa. Nikamtazama usoni. Midomo ilikuwa mikavu imeshikana, na alipomeza mate niliona shingo inavyohangaika, maana hakukuwa na mate ya kumeza.

Mdomo mkavu nimeuandika ubaoni miaka yote hii.

Mama hakuwa jasiri. Mama alikuwa ameganda. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile tangu asubuhi, pengine tangu alipousikia mto kwa mara ya kwanza, na hakuweza kuinuka. Mwiko, kuku, nguo, kaburi, zote alizitupa njiani tuhangaike nazo, kwa sababu lile moja la kweli hakuwa na kinywa cha kulisemea. Na ukishaona jambo kama hilo huwezi kuacha kuliona katika yote yaliyopita. Nilimwona jikoni na mwiko wake mbele ya nyoka, ukope hautikisiki. Nilimwona Baba akipiga mayowe ili majirani waje, akimkamata mkono na kumvuta, kisha akitetemeka uani ili watu wote wamtazame yeye.

Ningeweza kumwambia, Mama, unaogopa, hiyo ni kawaida, ni adrenalini. Ningekuwa nimesema kweli na ningekuwa nimempigilia misumari kwenye kiti. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo tangu azaliwe. Nikapiga magoti mbele yake. Sakafu ilikuwa imelowa, maji yalishapita chini ya mlango.

"Mama," nikasema, "mimi naogopa. Moyo wangu unataka kutoka. Nishikie huu uteo, unitoe hapa."

Sikulazimika kuigiza. Sauti ilinitoka imekatika vipandevipande, na machozi yalikuja yenyewe. Vidole vya Mama vikasimama juu ya mchele. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuyasikia wapi maneno fulani.

"Wewe ni wa baba yako tu," akasema. Akasimama.

Tukatoka. Alishika uteo kwa mikono miwili, ameufunika kwa leso, na mchele wote ukiwa ndani. Ndugu yangu alimnyanyua akamkalisha kwenye trela kati ya kuku na nguo mbichi, mimi nikapanda nyuma yake nikamkumbatia asianguke. Baba mdogo na mizigo yake wakapanda. Trekta likaingia majini, na maji yakafika katikati ya yale magurudumu makubwa, na ndugu yangu akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu, maana sasa alikuwa na furaha yake tena. Kiganja changu kilikuwa chini ya titi la Mama. Moyo wake ulikuwa unapiga kuliko wangu. Ulikuwa unapiga kama mtu aliyefungiwa ndani anayegonga mlango, na uso wake, nilipoinama kuutazama, ulikuwa umetulia kabisa kama siku zote. Sijui ameishi hivyo miaka mingapi.

Tulipofika barabara ya lami, majirani walikuwa wamejaa pembeni na magodoro yao. Mmoja akamwita Mama, akasema kwa mshangao kwamba hata yeye leo amehama. Mama akanyoosha kidole nyuma, kwangu.

"Namsindikiza mwoga wangu," akasema.

Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikilia, wakadhani ni woga.

Kabla ya giza ukuta wa nyumba ya Mama upande wa mlango ulianguka. Ndugu yangu alirudi baada ya maji kupungua akakikuta kile kiti cha Mama kwenye shamba la mpunga la jirani, mbali na nyumba, miguu juu. Aliniambia mimi peke yangu. Hakucheka alipokuwa akisimulia, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona ndugu yangu anakaa chini bila kuambiwa akae.

Mama alikaa kwangu majuma kadhaa, akilala sebuleni kwenye godoro lililopitishwa na wazee. Mume wangu alipiga simu kila asubuhi kutoka Kombewa kumwamkia kwa heshima zote, na jioni akaniuliza kwa sauti ya chini mto unaendeleaje. Wageni walikuja kutoa pole, na Mama aliwasimulia jinsi alivyoniokoa. Hadithi ilikua kadiri siku zilivyopita. Mwanzoni nilikuwa nimelia tu. Baadaye nilikuwa nimepanda juu ya meza. Mwalimu mwenzangu alipokuja, nilikuwa nimezimia na kumwagiwa maji, ingawa maji, alisema Mama, tayari yalikuwa mengi. Nitasema kweli, ilinichoma. Mimi ni mtu mzima, mkuu wa idara, nina wanafunzi wanaoniogopa. Mara kadhaa nilifungua mdomo. Kila mara nilikumbuka ule moyo chini ya kiganja changu, nikaenda kuongeza maji ya chai.

Siku moja mchana tulikuwa sisi wawili tu, tunachagua maharagwe. Haya yalikuwa na mawe kweli. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari ya kawaida, hivi Baba alikuwa anayaogopa maji kiasi kile kweli.

Mama aliendelea kuchagua.

"Baba yako alikuwa anaogelea hiyo mto tangu akiwa mtoto," akasema. "Akivusha ng'ombe ya watu."

Akaondoa jiwe, akalitupa, akaniambia sufuria inafurika. Haikuwa inafurika. Nikainuka nikaenda jikoni nikasimama mbele yake hata hivyo, na nilimlilia Baba siku ile kuliko nilivyomlilia tulipomzika. Miaka yote hiyo alitembea nyuma ya mke wake mbele ya kijiji kizima, akizomewa, na hakuwahi kumwambia mtu.

Darasani sasa sifuti ubao haraka. Nikifika kwenye kuganda naweka chaki chini. Nawaambia kwamba kemikali ni ileile, lakini kwa mwingine huingia miguuni, kwa mwingine mdomoni ikatoka kama kicheko au wimbo, na kwa mwingine humshika mwili mzima asitikisike, na watu wakimtazama wanasema tazama jasiri. Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliniuliza mtu kama huyo husaidiwa vipi. Nilimjibu kwamba mpe kitu cha kushika, na usimwambie anaogopa. Aliandika, lakini sidhani itatoka kwenye mtihani.

Tulimjengea Mama nyumba nyingine palepale, juu ya msingi ulioinuliwa, maana kuhama moja kwa moja alikataa, na safari hii nadhani kaburi lilikuwa sababu ya kweli. Masika yakarudi. Mimi nikarudia kulala nusu usingizi. Asubuhi moja, kabla ya saa moja, simu ikalia.

"Huko Muhoroni imenyesha usiku mzima," Mama akasema.

Nikasema nimesikia.

Nikamsikia anameza mate. "Unaogopa?"

"Naogopa sana, Mama."

"Basi kuja unichukue," akasema. "Usikae huko peke yako na hiyo woga yako. Kuku nimeshafunga."